Karotini Hupungua Kwanza

Mwaka 1942, Uingereza ikiwa katikati ya vita, watu waliokuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao walijitolea mjini Sheffield kulishwa chakula kilichoondolewa karibu vitamini A yote na karotini yote. Walikuwa 23. Saba waliendelea kupewa vitamini hiyo au karotini ili wawe kipimo cha kulinganishia, 16 walinyimwa. Mmoja wa wanasayansi waliosimamia jaribio hilo alikuwa Hans Krebs, mwanakemia aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na ambaye baadaye, mwaka 1953, alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine kabisa. Washiriki walitolewa damu mara kwa mara, wakapimwa macho gizani, na wengine wakaendelea na mlo huo kwa zaidi ya mwaka mzima. Ripoti kamili, iliyoandaliwa na Margaret Hume pamoja na Krebs, ilitoka mwaka 1949.

Karotini ilishuka mapema, katika wiki za mwanzo. Vitamini A yenyewe haikutikisika. Miezi ikapita, na wengi wa wale 16 wakawa bado na kiwango cha kawaida katika damu. Ni watatu tu waliofikia hatua ya upungufu wa wazi kabla jaribio halijafungwa. Ini la mtu mzima aliyezoea kula vizuri lilikuwa ghala kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Tofauti hiyo ya tabia kati ya vitu viwili vinavyotajwa kila mara kwa pamoja ndiyo inayofanya hali ya lishe yetu Afrika Mashariki iwe ngumu kuisoma. Karotini ni rangi ya mmea. Hunyonywa pamoja na mafuta, husafiri katika damu ndani ya chembe zilezile zinazobeba mafuta, na hakuna kiungo kinacholinda kiwango chake. Ukila maembe na kisamvu wiki hii itapanda, ukiviacha, itashuka. Anayezidisha karoti au mapapai kwa muda mrefu hugeuka manjano viganjani na kwenye nyayo, ilhali weupe wa macho ukibaki vilevile, na hapo ndipo daktari anapotofautisha hali hiyo na ugonjwa wa manjano. Retinoli ni jambo jingine. Hii ni vitamini A iliyo tayari, ile ya maini, mayai, maziwa na dagaa wanaoliwa wazima. Husafirishwa na protini maalumu inayotengenezwa na ini, na ini huitoa kwa kiasi kilekile siku nenda siku rudi, uwe umekula au hujala, mpaka akiba ikaribie kwisha. Shirika la Afya Duniani limeweka mstari kwenye maikromoli 0.70 kwa lita moja ya damu iliyoondolewa chembe: aliye chini ya hapo anahesabiwa ana upungufu. Mtu anaweza kukaa juu ya mstari huo kwa muda mrefu huku mlo wake ukizidi kuharibika, kwa kuwa anakula akiba.

Kuna na upande wa pili. Mtoto mwenye surua au malaria, retinoli yake hushuka katika siku chache hata kama ini lake halijaishiwa, kwa sababu mwili unaopambana na maambukizi hupunguza kutengeneza ile protini ya kuisafirisha. Hivyo kipimo tunachokitumia kuujua mlo wa taifa hukaa kimya mlo unapoporomoka, kisha hupiga kelele mtoto anapopata homa. Watafiti wanalijua hilo na hufanya marekebisho ya kihesabu kwa kupima pia viashiria vya maambukizi. Wanaosoma takwimu magazetini hawaambiwi.

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Tanzania wa mwaka 2010 ulipima protini hiyo kwenye matone ya damu yaliyokaushiwa kwenye karatasi. Asilimia 33 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na upungufu wa vitamini A, na asilimia 37 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Takwimu hizo mbili zimebeba maandiko mengi ya miradi tangu wakati huo. Karotini haikuwamo katika vipimo. Sababu inaeleweka: karotini huharibiwa na mwanga na joto, inataka damu iliyotenganishwa upesi na kuwekwa kwenye baridi kali, na mashine ya kuisoma ni ghali na haibebeki kwenda kijijini. Lakini kwa kukosa kipimo hicho tumejinyima habari ya mapema. Kinachoporomoka katika mlo wetu ni karotini, na sisi tumezoea kuangalia namba inayoshuka mwisho.

Mporomoko wenyewe unaonekana kwa macho, kwa sababu ni suala la rangi. Vyakula vyetu vikuu vimekuwa vyeupe, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilipokuwa cheupe palikuwa na sababu ya maana.

Mahindi ni mfano wa zamani zaidi. Enzi za ukoloni, soko la Uingereza lililotafuta mahindi ya kutengenezea wanga lilipendelea meupe, walowezi wa Kenya wakalima meupe, na bei ikaamua kilichobaki. Kisha ikaja njaa. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilipokea mahindi ya njano ya msaada, unga wake ukaja kuitwa unga wa Yanga kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya soka, na ukame wa mwaka 1984 ukayaleta mahindi kama hayo Kenya. Rangi ya njano ikashikamana na foleni, na harufu ya ghala la meli, na aibu ya kulishwa na wengine. Mpaka leo muuza unga hawezi kuiuza bila maelezo marefu. Hata hivyo tusiikuze hasara hii kupita kiasi. Unjano wa mahindi ya kawaida unatokana zaidi na luteini na zeaksanthini, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa vitamini A. Betakarotini iliyomo ni kidogo. Kidogo hicho, lakini, kingeliwa mchana na usiku mwaka mzima. Sembe haina hata hicho.

Kwenye mafuta hasara ni kubwa, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mawese yaliyokamuliwa tu, kabla ya kusafishwa kiwandani, yana karotini za aina mbalimbali kati ya miligramu 500 na 700 kwa kilo moja. Hakuna mafuta mengine ya kupikia ya kawaida yanayokaribia hapo. Kijiko kimoja cha chakula kwenye sufuria kinatosha kumpa mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A ya siku nzima, tena karotini hiyo imo ndani ya mafuta tayari, haihitaji kuchomolewa kutoka kwenye jani. Kigoma, Burundi na mashariki ya Kongo ndiyo mafuta ya sombe, ya maharage, ya migebuka. Kwingineko katika nchi zetu mawese yanaingia jikoni pia, kila siku, ila mlaji hayatambui, kwa kuwa yamefika kutoka Malaysia na Indonesia yakiwa yamesafishwa. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Shamba la kwanza la kibiashara Malaysia lilipandwa mwaka 1917. Kiwandani mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu unaofyonza rangi, kisha hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 200 ili harufu itoke. Karotini haivuki hatua hizo. Kinachojazwa kwenye chupa na madumu ni mafuta yaleyale ya mchikichi, rangi yake manjano ya kupauka.

Asilaumiwe mpishi. Mawese mekundu yana harufu nzito, yakimwagikia shati hayatoki, yakikaa huchacha upesi, na chipsi zilizokaangwa humo hazina sura anayoitaka mteja. Wengi nje ya Kigoma wameyajua kama mali ghafi ya sabuni. Hata huko Kigoma kwenyewe yapo majiko ambayo mafuta hupashwa peke yake kwanza. Mama huyaweka sufuriani juu ya moto mkali, anasimama mbali kidogo, anasubiri moshi. Wekundu unafifia taratibu, unakuwa wa chungwa, kisha manjano kama ya mafuta ya dukani, na harufu kali inaondoka na ule moshi. Hapo ndipo vitunguu vinapoingia. Chakula kitakuwa kitamu na wageni hawatakunja pua. Sehemu kubwa ya karotini imeteketea katika zile dakika chache, kabla hata samaki hajaguswa.

Mboga za majani zimefuata njia hiyohiyo. Tazama sahani ya mama lishe karibu na kituo chochote cha daladala: wali au ugali, maharage, kipande cha nyama, na pembeni kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Miaka ya nyuma pale palikaa mchicha. Kabichi imeshinda kwa hoja za biashara ambazo haziwezi kupingwa. Hutoka Lushoto ikiwa imerundikwa kwenye lori na kufika salama, hukaa wiki nzima bila friji, na kichwa kimoja kinatosha sahani nyingi. Mchicha ukichumwa alfajiri, saa nane mchana muuza genge ameshaanza kuunyunyizia maji, na jioni ameutupa au ameuuza kwa bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba majani ya ndani ya kabichi, yaliyokua bila kuona jua, hayana karotini ya maana. Kwa mujibu wa yeyote anayehesabu tu kama sahani ina mboga au haina, hakuna kilichobadilika.

Vijijini sababu ni nyingine. Mgagani, mnavu, mchicha pori na mlenda vilikuwa mboga za kuchuma, zikijiotea zenyewe katikati ya mahindi na kung'olewa wakati wa palizi kwa ajili ya chungu cha jioni. Dawa za kuua magugu zimeondoa kazi ngumu ya palizi, na hakuna mkulima mwenye akili atakayerudi kwenye jembe kwa ajili ya mgagani. Zimeondoa pia ile mboga isiyonunuliwa. Hasara hiyo haionekani katika takwimu za mavuno, kwa kuwa mboga hizo hazikuwahi kuhesabiwa kuwa mavuno.

Picha haiko sawa kila mahali. Kenya sukumawiki imebaki kuwa mboga ya kila mtu, nayo ni ya kijani kweli. Zaidi ya hapo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 managu, saga na kunde zimerudi katika masoko ya Nairobi na hata kwenye supamaketi, kwa sehemu kutokana na kazi ya watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, aliyetumia miaka mingi kutafiti mbegu na virutubishi vya mboga ambazo wasomi wengine waliziita magugu. Arusha kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinachohifadhi mbegu za mboga za Kiafrika. Mambo haya ni ya kweli na yanastahili sifa, ila ukubwa wake ukiuweka mbele ya malori ya kabichi na meli za mafuta unajua ni upande gani unashinda.

Hapa ndipo makala za namna hii huanza kuwasifu mababu, na hapa ndipo inabidi kuwa mwangalifu. Hapakuwa na zama za dhahabu. Mwaka 1987 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanywa katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, na Barclay, Foster na Sommer. Watoto 180 waliolazwa kwa surua walipimwa damu, na asilimia 91 walikuwa na vitamini A pungufu. Surua yenyewe huishusha, kama tulivyoona, lakini si kwa kiwango hicho peke yake, na macho ya watoto wa Dodoma wa wakati ule yalikuwa ushahidi wa kutosha: vidonda vya kioo cha jicho baada ya surua vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za upofu wa utotoni Tanzania. Watoto 88 walipewa dozi kubwa ya vitamini A, 92 hawakupewa. Katika kundi la kwanza walikufa sita, la pili 12. Miongoni mwa wenye umri chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kali zaidi: mmoja dhidi ya saba.

Nchi hiyo ya Ugogo, yaani eneo la Dodoma, ilikuwa bado inakula mboga za asili. Tatizo lilikuwa lilelile la miaka yote ya nyanda kavu: majani hupatikana kwa miezi michache ya mvua, na kwa sehemu iliyobaki ya mwaka huliwa mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa. Mboga ikianikwa juani peupe juu ya paa au mwamba, mwanga unaila karotini yake. Utafiti wa Mulokozi na Svanberg uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mboga za Tanzania zilizokaushwa kwa njia hiyo na zile zilizokaushwa ndani ya kabati linalotumia joto la jua, na zile za kwenye kabati zikawa zimebakiwa na karotini nyingi zaidi. Teknolojia hiyo ni ya mbao na nailoni, na imeonyeshwa kwenye maonyesho ya Nane Nane kwa miaka mingi. Paa bado linashinda.

Kisha likaja pigo kwa mboga zenyewe. Mwaka 1995 Saskia de Pee, Clive West na wenzao walichapisha katika Lancet matokeo kutoka Indonesia: akina mama wanaonyonyesha walioongezewa mboga za kijani iliyokolea kila siku hawakupata nafuu katika hali yao ya vitamini A, ilhali wenzao waliopewa biskuti nyembamba iliyotiwa betakarotini walipata. Karotini ya kwenye jani imefungwa ndani ya chembe za mmea, na tumbo linashindwa kuitoa yote. Kwa miongo kadhaa majedwali ya lishe yalikuwa yakihesabu kwamba mikrogramu sita za betakarotini katika chakula ni sawa na moja ya retinoli. Mwaka 2001 taasisi ya tiba ya Marekani ikapandisha hesabu kuwa 12 kwa moja. West na wenzake, kwa kupima watoto wa Indonesia, walipata 26 kwa moja kwa mboga za majani na karoti, na 12 kwa matunda. Kwa kila marekebisho mchicha uleule, bila kubadilika hata unyuzi, ulipungukiwa vitamini kwenye karatasi.

Wengi walitoka hapo wakiamini kwamba majani hayana kazi. Nadhani walisoma haraka. Kinachoifungua karotini ni joto, ukataji na mafuta. Jani likikatwa dogo, likaiva vizuri, likaungwa kwa karanga, nazi au mafuta, sehemu inayoweza kunyonywa huongezeka sana. Hedrén, Mulokozi na Svanberg walilionyesha hilo kwenye maabara mwaka 2002 kwa mboga za Tanzania zilizopikwa kwa mafuta ya alizeti na mawese. Kisamvu kinachotwangwa kinuni, kikachemka saa nzima na kuungwa tui, kinatimiza masharti yote matatu bila mtu kujua. (Anayemwaga maji ya kuchemshia mboga anapoteza vitamini C na foleti, karotini haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kwa upande huo hajapoteza kitu.) Kilichopungua katika karne moja iliyopita, basi, si majani peke yake wala mafuta peke yake. Ni kukutana kwao. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na majani bila mafuta. Leo mafuta ni mengi kuliko wakati wowote, yanatumika kukaangia chipsi, maandazi na mihogo, na majani hayapo.

Jaribio linaloonyesha jambo hili waziwazi lilifanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2001 na Georg Lietz na wenzake. Wanawake wa vijijini waliokuwa wajawazito walifuatiliwa hadi miezi mitatu baada ya kujifungua. Kundi moja lilipewa mawese mekundu, jingine mafuta ya alizeti, la tatu liliendelea na mlo wake. Kwa waliopewa mawese, karotini ilipanda katika damu na katika maziwa ya mama. Retinoli ya kwenye damu ikabaki karibu sawa katika makundi yote. Mtafiti ambaye angepima retinoli ya damu tu angeandika kwamba mawese hayakufanya lolote. Ila retinoli ya kwenye maziwa ilijishikilia vizuri zaidi kwa waliopewa mawese kuliko kwa wasiopewa, na mtoto anakula maziwa.

Serikali hazikukaa bila kufanya kitu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtoto wa Tanzania hupelekwa kituoni mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kupata matone ya vitamini A: kidonge laini cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa waliozidi mwaka, ncha ikikatwa kwa mkasi na mafuta yaliyomo kukamuliwa mdomoni. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya matone hayo, na mwenye kuyabeza hajui historia ya Mvumi. Kazi yake, hata hivyo, ni kuweka akiba kwenye ini la mtoto mdogo. Kupanda kwa retinoli katika damu baada ya dozi hupotea katika miezi michache, dozi inayofuata ikiwa bado haijafika, na karotini haiguswi kabisa. Mtoto akifikisha miaka mitano, matone yanakoma. Dada yake wa miaka 15 hayumo tena kwenye mpango.

Hatua ya pili ilikuwa kuongeza virutubishi kiwandani. Kenya ilifanya sheria mwaka 2012, Tanzania ikazindua mpango wake mwaka 2013, mafuta ya kula yakitakiwa kuongezewa vitamini A. Kwa wakaaji wa mijini hii pengine ndiyo hatua iliyogusa wengi zaidi. Udhaifu wake uko njiani. Vitamini A huharibiwa na mwanga, na mafuta yetu hukaa kwenye chupa angavu rafu ya mbele ya duka, au kwenye ndoo ya mafuta ya kupima inayofunguliwa mara 50 kwa siku, na kisha hukaangia chipsi za asubuhi mpaka za usiku. Wakamuaji wadogo wa alizeti wa Singida na Manyara hawakuwa na mashine ya kuchanganyia. Mradi wa MASAVA, uliohusisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ulijaribu kuwaingiza wa Manyara na Shinyanga, na ulionyesha kwamba inawezekana pale ambapo kuna anayelipia gharama za mwanzo.

Mchukue kijana wa bodaboda anayekula chipsi mayai kila mchana. Yai lina retinoli, mafuta huenda yameongezewa. Akipimwa damu kwa kipimo cha kawaida atakutwa mzima, juu ya 0.70, na atatoka katika takwimu za upungufu. Karotini yake, kama kuna ambaye angeipima, itakuwa chini sana, na kama anavuta sigara itakuwa chini zaidi, maana moshi huiteketeza. Je, kuna ubaya gani, kama vitamini A anayo?

Swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa nchini Finland. Kwa miaka mingi ilikuwa imeonekana kwamba wenye karotini nyingi katika damu hupata saratani kidogo. Ikaonekana busara kuwapa watu vidonge vya betakarotini. Wanaume 29,133 wavutaji sigara wakaingizwa katika jaribio, na matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jaribio jingine la Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hiyohiyo. Karotini ya kwenye damu haikuwa dawa. Ilikuwa alama ya mtu anayekula majani na matunda, pamoja na foleti, potasiamu, vitamini C na nyuzinyuzi zinazokwenda navyo. Ukiileta kwenye kidonge unaghushi alama. Ikipungua, imepungua na yote iliyokuwa ikiyawakilisha, na kwa kijana wa bodaboda, ambaye hatari inayomkabili ni shinikizo la damu na kisukari kuliko upofu wa usiku, hilo ndilo tatizo lenyewe.

Katika majaribio ya kurudisha rangi kwenye chakula, lililokwenda mbali ni viazi lishe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mtafiti Jan Low alianza kuvifanyia kazi magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990, baadaye akaonyesha Msumbiji, mwaka 2007, kwamba watoto wa familia zilizovilima na kufundishwa kuvitumia walipandisha retinoli ya damu. Mwaka 2016 yeye, Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Tanzania ina aina zake, Mataya na Kiegea, zilizotokana na watafiti wa Kibaha. Vilipokwama ni mdomoni. Kanda ya Ziwa watu wanapenda kiazi kikavu, chenye unga, kinachokwama kooni mpaka unywe chai. Vya kwanza vya rangi ya chungwa vilikuwa laini na vya majimaji, na watu wazima wakawaachia watoto. Aina mpya ni kavu zaidi. Mbegu ndiyo shida ya sasa, kwa kuwa marando hayakai ghalani kama punje, na kiangazi kirefu kimoja kinatosha kuyamaliza.

Wakati huohuo, Kigoma, zao linalotoa mafuta yenye karotini nyingi kuliko mengine ya kupikia limepata msukumo mpya. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua kampeni ya kufufua michikichi, kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche ya aina ya tenera inayotoa mafuta mengi kuliko michikichi ya zamani, na lengo likatajwa kuwa kupunguza fedha za kigeni zinazotumika kuagiza mafuta. Lengo ni halali. Lakini kadiri mazao yatakavyoongezeka ndivyo mafuta yatakavyohitaji kiwanda cha kusafisha ili yauzike Dar es Salaam, na kiwandani yatavuliwa karotini kwa udongo na joto, kisha, kwa mujibu wa sheria, yataongezewa vitamini A ya unga au ya mafuta iliyotengenezwa kwa kemikali na kuagizwa nje kwa fedha zilezile za kigeni. Kiasi cha mawese mekundu kitakachobaki sokoni kwa ajili ya kupikia, kikiwa kimekamuliwa kwa usafi na kufungashwa kwenye chupa isiyopitisha mwanga, hakijawekewa lengo. Mafuta ya kula nchini huhesabiwa kwa tani zinazozalishwa na tani zinazoagizwa, na karotini haina safu katika hesabu hiyo.